Sambusa Zisizoogelea Mafuta

"Sema mbele ya watu wote! Bwana yangu anafuata nini kwako?"

"Anafuata miguu yake, Mama Pascasie! Mimi sikumutumia barua."

"Kila saa kumi! Kila siku ya Mungu! Ananiambia anaenda kuangalia kama boti ya Moba imefika. Boti gani inatia nanga nyuma ya jiko lako?"

"Basi uulize boti!"

Ilikuwa Jumamosi ya salongo, asubuhi ile ambayo serikali ya Zaire ilitaka kila raia atoke na jembe asafishe mtaa wake, na barabara nzima pale Kataki, mtaa wa Kalemie, ilikuwa nje. Lakini hakuna aliyekuwa akisafisha tena. Watu walikuwa wameegemea mipini ya majembe na kunyamaza kama wanaosomewa Injili. Hata yule mtu wa biro ya zone, ofisi ya serikali ya mtaa, aliyetumwa kuandika majina ya wavivu, alikuwa ametia kalamu nyuma ya sikio asije akapitwa na neno.

Na kwa nini wasisikilize? Majuma matatu mazima wanawake wa robine, bomba la maji la mtaa, walikuwa wamekwisha kuikata kesi hiyo huku wakingoja ndoo zijae. Papa Apollinaire, walisema, na mvi zake zile, baada ya miaka thelathini ya kuendesha winchi bandarini, amefungua biro ya pili. Ndivyo walivyomwita mwanamke wa nje siku hizo, maana mwanamume mwenye naye hakuwa na kisingizio kingine ila kazi zimemchelewesha biro. Na biro yenyewe, wakasema, wala haiko mbali. Iko ng'ambo ya ua, kwa Mama Bibiane, mjane aliyekuja na boti kutoka Baraka, anayekaanga sambusa mbele ya lupango, kiwanja cha nyumba yake, kila alasiri na kucheka kicheko kinachofika hadi ziwani.

Mama Pascasie hakuwa mtu wa kupitwa na habari. Habari za mtaa alizipata zikiwa bado zina mvuke. Kwa hiyo ilimuuma mara mbili kuwa wa mwisho kusikia iliyo yake mwenyewe. Jana yake alikuwa amegeuza abakosti, koti la heshima la mume wake, ndani nje, akitafuta unywele, akitafuta manukato, akitafuta hata kikaratasi. Katika mfuko wa kushoto alikuta doa la mafuta. Doa la pembe tatu.

"Ungekuwa unalala naye ningejua la kufanya!" akapaza sauti sasa, mkono kiunoni. "Ningekuja na mwiko na wadogo zangu wote! Lakini wewe unamulisha sambusa!"

Mtaa ulipasuka kwa kicheko. Bata wa Mama Bibiane, mweupe, mwenye mguu mmoja mbovu, alikimbilia chini ya meza.

Pascasie hakucheka. Wao hawakuwapo siku ya Pasaka pale mbele ya kanisa, Apollinaire aliposhika ukuta ghafla, akasema "Pascasie, ardhi inapanda," kisha akaenda chini na kofia yake. Siku mbili mkono wa kushoto ulilala kama samaki wa jana. Masera Denise, mtawa mwenye dispanseri, alimfunga kitambaa mkononi, akapampu, akatazama sindano ya kipimo ikipanda, akasema ni tansio, damu inakimbia kwa nguvu kuliko mishipa. Chumvi kidogo sana. Mafuta ya kukaangia, hapana. Kiisha akamvuta Pascasie pembeni. "Akianguka tena, mama, usihesabu kwamba atainuka."

"Munganga alikataza mafuta," Pascasie akasema, na sauti yake ikapungua bila yeye kutaka.

"Mafuta!" Mama Bibiane akageukia wenye majembe. "Mawese ya kwetu Baraka! Babu yangu alikuwa anayanywa kwa kikombe, alikufa na meno yake yote! Wewe unamulisha bwana maboga ya maji kama mwanamuke aliyetoka kuzaa, kiisha unashangaa anaruka ua. Muntu anakula na kinywa, hali na karatasi ya munganga. Kama uko na akili, mutengenezee sambusa isiyoogelea mafuta. Tuone!"

"Nitamutengenezea!"

Neno likishatoka halirudi, na hili lilitoka mbele ya watu arobaini na mtu wa zone.

"Lini?" akauliza mmoja kutoka nyuma, kwa sababu hapakosi mtu wa namna hiyo.

"Siku ya Mungu, Jumapili ya pili kutoka leo," Pascasie akajibu, akachukua jembe lake, akaanza kulima palipokwisha kulimwa.

Tangu hapo hawakusemezana tena. Lakini msidhani palikuwa na ukimya, maana ukimya ungewaua wote wawili. Katika mtaa ule wanawake waliogombana hawaachi kusema, wanabadilisha tu wa kumwambia. Mama Bibiane alimwambia bata. Mama Pascasie hakuwa na mfugo, akachagua kinu. Asubuhi ungesikia upande mmoja wa ua wa matete, "Bata wangu, kuna watu wanaahidi vitu hata bibi zao hawakuviona," na upande wa pili, pwi, pwi, "Kinu changu, twanga pole pole, wenye wivu wana masikio marefu." Ilikuwa adabu yao. Neno lililosemwa kwa bata haliwezi kupelekwa kwa chifu.

Sasa, sambusa za Mama Bibiane zilikuwa hivi. Unga wa ngano ulisukumwa mwembamba hadi uone kiganja upande wa pili, ukaonyeshwa moto kidogo juu ya bati, ukakatwa, ukakunjwa kuwa kifuko. Ndani aliweka mikebuka, yule samaki mwembamba wa ziwa letu, aliyechemshwa akatolewa miiba, pamoja na vitunguu na pilipili. Kisha zikatumbukizwa ndani ya mawese yanayochemka, na humo ziliimba. Ukipita barabarani ukazisikia zikiimba, miguu inakata kona yenyewe.

Pascasie alijua kwamba pasipo mafuta, palibaki foru. Na mwenye foru alikuwa Papa Évariste, mwoka mikate, mtu mwenye nyusi nyeupe kwa unga na mdomo usiopumzika. Tanuri lake alilijenga kwa udongo wa kichuguu, linawashwa kuni alfajiri, makaa yanakokotwa nje, mikate inaingia kwa joto lililobaki. Kufika saa mbili mikate imekwisha kutoka, na tanuri bado lina homa yake hadi karibu na adhuhuri.

"Homa hiyo ninaiomba," Pascasie alimwambia Jumatatu, sinia kichwani.

"Ni ya bure, mama, ilikuwa inapotea. Mimi nitakulipisha habari. Ni kweli ulikuta doa lenye pembe tatu?"

"Fungua foru, Papa Évariste."

Mara ya kwanza alifanya kila kitu kama Bibiane, ila kukaanga tu. Unga mwembamba, kifuko, mikebuka. Aliposhusha sinia nyumbani, sambusa ziligongana zikalia kama vigae. Apollinaire alikaa mezani, akafanya ishara ya msalaba, akauma. Kitu kilivunjika, na kwa kitambo wote wawili hawakuwa na hakika kama ni sambusa ama jino.

"Bibi yangu," akasema taratibu, akitoa kipande ulimini, "hizi tusizimalize. Tuweke nyingine kwa ajili ya paa."

Akatafuna nusu kwa upendo, akanywa vikombe viwili vya maji, akavaa kofia. "Nakwenda kuangalia kama boti ya Moba imefika."

Pascasie alimtazama akitoka. Alitazama hasa mkono wa kushoto, jinsi ulivyosahau kubembea pamoja na mwili. Hasira ilimpanda, na chini ya hasira hofu, na akaingia jikoni kwa sababu hofu ya mwanamke yule ilikuwa haijui kukaa.

Akafikiri. Kilichokosekana ni ulaini, na ulaini unatoka wapi? Kwa mafuta. Lakini Masera alikataza nini? Alikataza mafuta ya kukaangia. Pascasie alikuwa ameyaona hayo mafuta, yanavyotoa moshi, yanavyorusha cheche, yanavyounguza vidole. Yeyote angeelewa kwamba kitu chenye hasira namna ile kikiingia tumboni kitapandisha damu. Mawese yaliyotulia ndani ya chupa, mekundu, baridi, yana kosa gani? Yale ni kama maziwa. Akamimina kikombe ndani ya unga. Akakanda. Akaongeza nusu.

Jumatano sinia ilitoka kwa Papa Évariste ikinukia mtaa mzima. Zilikuwa na rangi ya jua la saa kumi na moja, na ukiuma zilimomonyoka mdomoni. Papa Évariste alikula tatu akiwa amesimama, bila kuuliza habari yoyote, jambo lisilowahi kuonekana. Apollinaire alikula nne. Alilamba kidole gumba. Siku ile hakusema neno juu ya boti, alisinzia kitini.

"Kinu changu," Pascasie aliimba jioni hiyo, "watu watajificha wapi?"

Ng'ambo ya ua, bata hakuambiwa kitu.

Alhamisi alizifunga mbili kwenye gazeti, akavaa kitenge kipya, akaandamana na mume wake hadi dispanseri. Apollinaire akafungwa kitambaa mkononi, Masera akapampu, akatazama sindano. Akapampu tena. Hakupenda alichokiona mara zote mbili.

"Papa, nenda nje upate hewa." Kisha akamgeukia Pascasie. "Imepanda, mama. Ni juu kuliko Pasaka. Anakula nini?"

"Masera, hata kukaanga sijakaanga! Ona, nimepika kwa foru." Akamwekea gazeti mezani kwa fahari.

Masera Denise hakufungua. Alilinyanyua gazeti lile hadi dirishani. Karatasi ilikuwa imelowa ikawa kioo. Kupitia habari za mpira wa miguu ilionekana mitende na, nyuma ya mitende, maji.

"Mama Pascasie, ninaona ziwa."

"Lakini hayakuchemka, Masera! Niliyachanganya yakiwa baridi."

Mtawa yule alikuwa karibu kucheka, lakini uso wa Pascasie ulimzuia. Akakaa, akamshika mkono. "Sikiliza. Tumbo haliulizi kama mafuta yameingia kwa mulango ao kwa dirisha. Yameingia. Hizi alizokula zina mawese mengi kuliko zile za jirani yako, kwa sababu zile zinachuja kidogo, na hizi hazikuchuja hata tone." Akaukaza mkono ule. "Sitaki kukutisha."

"Nitishe tu, Masera."

"Tuko na majuma machache. Tukishusha hii damu, atakaa na wewe akizeeka. Tusiposhusha, naogopa."

Njiani Apollinaire alisema habari za winchi, jinsi siku moja alivyoinua gari la padri na padri akiwa bado ndani. Pascasie alicheka mahali pa kucheka. Alikuwa akimtazama akifunga kifungo cha abakosti kwa mkono mmoja, mara ya kwanza hapana, mara ya pili hapana, mara ya tatu ndiyo.

Alipofika nyumbani hakutwanga kitu. Aliinama juu ya kinu kitupu, akakishika kingo zote mbili.

"Kinu changu," akasema, na safari hii hakuwa akimrushia mtu, "nimemuharibu mimi mwenyewe. Mikono yangu. Damu yake imepita ya Pasaka. Masera anasema akianguka mara ya pili haamuki, na mimi nilikuwa naimba." Machozi yakadondoka ndani ya kinu. "Mutu miaka thelathini na moja niko naye. Kinu, nifanye nini?"

Ng'ambo ya ua kulikuwa na mlio wa kitu kinachokaangwa. Ukakatika. Mtu alikuwa ameinua sufuria kutoka motoni.

Maana Mama Bibiane alikuwa hajui habari ya tansio wala ya kuanguka. Apollinaire alimwambia kuwa alipata malaria kidogo, na kwamba mke wake ni mtu wa kuogopa-ogopa. Mjane yule alimzika mume mmoja tayari. Asingemlisha mtu kifo kwa sahani yake. Saa kumi ilipofika, Pascasie alimwona mume wake akitoka na kofia yake, na kabla hajahesabu mia moja akamwona akirudi.

"Boti haikufika?" akamuuliza.

"Anasema zimekwisha," akajibu mzee, kama aliyefiwa, bila hata kukumbuka kudanganya. "Saa kumi! Zimekwisha namna gani saa kumi?"

Ijumaa asubuhi Mama Bibiane alimwita bata wake karibu na ua, karibu sana, akasafisha koo.

"Bata wangu. Unakumbuka mwaka ule unga ulikosekana Kalemie yote?" Bata alikuwa ameletwa mtaani mwaka jana tu, lakini hakubisha. "Tulifanya nini? Tulichemsha viazi ulaya, tukaviponda vikiwa vya moto, tukavichanganya na kidogo ya unga tuliokuwa nao. Ukipika unakuwa laini hata kesho yake. Na mafuta hatukuyatia, tulikuwa nayo wapi? Mimi nasema tu, bata. Nakukumbusha."

Pascasie alisimama na ufagio mkononi. Viazi! Na yeye mtu wa Kirungu, aliyezaliwa juu kule Marungu kwenye baridi, ambako viazi vinalimwa hadi mlangoni! Magunia yake yanateremshwa kila juma na boti ile ile ya Moba ambayo mume wake alikuwa akiitungia uongo. Chini ya kitanda kulikuwa na nusu gunia kutoka kwa kaka yake.

Akakimbilia kinu. "Kinu changu, kama kuna mutu anajua, kiazi kiasi gani kwa unga kiasi gani?"

"Bata, kikombe kwa kikombe. Na usikimbie na maji, kiazi kiko na maji yake."

"Kinu, na chumvi? Masera ameipiga marufuku."

"Bata wangu, wewe unakula chumvi? Hapana. Kwa nini uko munene hivyo? Ndimu. Tangawizi. Pilipili ya kutosha, ulimi usipate nafasi ya kuuliza chumvi iko wapi. Na mikebuka usimuchemshe, anaachia utamu kwa maji. Mubanike kwanza juu ya makaa, apate moshi."

Kisha, kwa sauti ya mtu anayeumia, "Na bata! Kunja vizuri! Niliona za Jumatatu kwa sinia zikipita barabarani, zimefungwa kama bahasha ya mushahara, kila kitu kinaonekana kimetoka. Lowesha ukingo, kiisha bana na uma. Uma, bata!"

Wanawake wa robine waliopita saa ile wanasema walikuta mwanamke mmoja akimfundisha bata na mwingine akikubali kwa kichwa mbele ya kinu, na uani kote hapakuwa na mtu mwingine. Wakatua ndoo zao.

Jumamosi alijaribu sita. Zilikuwa laini, lakini zilitoka zimefifia, nyeupe kama watu waliougua.

"Zinataka mvuke," Papa Évariste akasema. "Mukate wangu unang'aa kwa sababu gani? Kesho, ukitoka misa, tutalimwagia foru maji kwenye sakafu kabla ya kufunga, na mulango tuuzibe kwa gunia lililolowa. Kesho siwashi kwa ajili ya mikate, nitawasha kwa ajili ya Apollinaire." Akapangusa nyusi. "Alinipakulia mashine ya kukandia kwa winchi yake bila kuikwaruza. Sijasahau."

Jumapili ile misa ilionekana ndefu. Padri alikuwa bado ndani ya sakristia Pascasie alipokuwa kwa Évariste akipanga sambusa arobaini juu ya majani ya mgomba. Maji yakamwagwa, tanuri likapiga kelele shaa!, bati la mlango likafungwa, likazibwa kwa gunia. Wakangoja. Walipofungua, mvuke uliwapiga usoni, na nyuma ya mvuke zilikuwapo zimevimba kidogo, kahawia, zinang'aa kama viatu vya kipaimara. Hakuna hata moja iliyofungua mdomo.

Masera Denise alikuwa akipita kutoka kanisani. Pascasie akamsimamisha barabarani, akaiweka moja juu ya gazeti, wakaitazama wote watatu, pamoja na Papa Évariste, kwa muda wa kusali Salamu Maria tatu. Akaiondoa. Karatasi ilikuwa kavu. Masera akasoma habari nzima ya mavuno ya pamba, kisha akaila sambusa.

"Naomba nyingine," akasema. "Ni kwa uchunguzi."

Nyumbani, Pascasie aliweka sahani mbele ya mume wake na kusimama. Apollinaire akafanya ishara ya msalaba. Akauma. Akatafuna. Aliangalia ndani ya sambusa kama mtu anayechungulia dirisha la nyumba asiyoijua, akaona samaki, akaona tangawizi, akatafuna tena.

"Za Bibiane zinaimba," akasema mwisho.

Pascasie akanyoosha mkono aiondoe sahani.

"Hii haiimbi," akaendelea. "Inasema pole pole. Lakini inasema vizuri, bibi yangu." Akachukua ya pili. Akaila yote, na makombo akayakusanya kwa kidole.

Kisha akasimama, akachukua kofia.

"Unakwenda wapi?" Pascasie akashika meza. "Apollinaire! Haikukushibisha?"

"Tumbo limeshiba."

"Basi nini? Nini tena? Nimeokota viazi, nimelilia kinu, nimeongea na bata, mimi, mutu muzima! Unataka nini kule?"

Mzee akageuza kofia mikononi. Hakuwa na uongo tayari, kwa hiyo alisema kweli.

"Kule niko nakula moja, Pascasie. Siku nyingine nusu. Nakaa saa nzima kwa ajili ya maneno. Huyu anatoka bandarini, huyu anatoka soko, huyu anasema ziwa limepanda, tunabishana. Hapa..." Akatazama chumba. "Tangu Pasaka umefunga mulango na waya. Wakija unawaambia mugonjwa anapumuzika. Viti vyote umevipeleka chumbani. Umenichunga kama kikombe cha misa, ndani ya kabati, na mimi bado sijakufa."

Pascasie aligeukia lango. Ilikuwa kweli kuhusu waya. Alidhani kelele zinapandisha damu. Alidhani kila mgeni ana chupa ya bia chini ya shati. Yeye, ambaye nyumba yake ilikuwa haijui kulala kabla ya majirani kuondoka, amekaa miezi mitatu akitembea kwa vidole vya miguu. Na sasa aliona kwamba yeye mwenyewe alikuwa mpweke kuliko mume wake. Hakuwahi kukiambia kinu habari zake kabla ya mwaka huu.

Hakusema samahani; hawakuwa watu wa neno hilo. Alikwenda kwenye lango, akahangaika na waya hadi ikamchoma kidole, akaitupa huko. Akatoa viti, kimoja kimoja, na kile kirefu cha Apollinaire akakiweka barazani mahali pa kuona barabara. Kisha akavuta pumzi hadi chini.

"Nyinyi wa robine!" akaita. "Nyinyi wa salongo! Siku ya Mungu ya pili ni leo! Mashahidi wako wapi?"

Mashahidi hawakuwa mbali. Mtaa kama ule, ukinusa kitu tangu saa tatu, haukai mbali. Alikuja Papa Évariste na mikate ya juzi, wakaja wanawake na ndoo zao, akaja mtu wa biro ya zone bila daftari. Walikula, walilinganisha, mmoja akasema pilipili imezidi na watatu wakamwambia anyamaze. Apollinaire alikwisha kuanza habari ya padri na gari. Alipofika mahali pa kuinua, mikono yake yote miwili ilipanda hewani, wa kushoto nyuma kidogo ya wa kulia, lakini ulipanda.

Pascasie aliona hilo. Akageuka haraka asionekane uso, akajikuta anatazama ua.

Ng'ambo, Mama Bibiane hakuwasha moto siku ile. Alikuwa ameketi juu ya kigoda, mgongo kwa ua, kitambaa kizuri cha kanisani bado kichwani, mikono mitupu mapajani. Wateja wake wote walikuwa upande huu. Kicheko kilipopanda barazani, mabega yake yaligeuka kidogo, kisha yakarudi.

"Bata wangu," alisema, na sauti ilikuwa ndogo, "leo sisi wawili tunafanya nini?"

Pascasie akayapanua matete kwa mikono miwili hadi uso ukapita.

"Mama Bibiane."

Bibiane hakugeuka. Pengine alidhani hakusikia vema. Juma zima hakuna aliyelitaja jina lake kupitia ua ule. Barazani watu waliacha kutafuna.

"Mama Bibiane, mimi nakuita wewe. Kuna moja imekunjwa vibaya, wanasema ni kosa la mwalimu. Zunguka kwa mulango, ndugu yangu, iko wazi. Kiti kipo. Ingia tukule."